Amemtoa Wapi Mtoto Huyu?

Liko swali linaloulizwa katika nyumba nyingi za nchi yetu, mara nyingine kwa sauti ya chini jikoni, mara nyingine hadharani mbele ya wazee wa ukoo. Mama amejifungua binti wa tano, na mume bado hana mtoto wa kiume. Mama mwingine, mweusi kama mumewe, amejifungua mtoto mwenye ualbino. Wa tatu ana mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, na hospitalini wameambiwa kwamba ni ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi huuita siko seli. Nyumba ni tatu, na taabu ni tatu, lakini swali ni moja: Amemtoa wapi mtoto huyu?

Msomaji ataona mara moja kwamba swali hilo si swali, ni hukumu. Maana yake ni kwamba mtoto huyu hakutoka kwetu. Ametoka kwa mwanamume mwingine, au katika uchawi, au katika ukoo wenye mkosi ambao tulikosea kuoa kwao. Na kidole humwelekea mama, kwa sababu ndiye aliyeonekana na mimba. Mapadre wa parokia wanazijua ndoa zilizovunjika kwa neno hili, na wanawajua wanawake waliorudi kwao na watoto mgongoni pasipo kosa lolote.

Swali lenyewe si geni. Katika Injili ya Yohane, sura ya tisa, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Angalieni jinsi walivyouliza. Hawakuuliza kama yuko mwenye kosa. Jambo hilo walilichukua kuwa la hakika. Walitaka kutajiwa jina tu. Bwana wetu aliyakataa majina yote waliyomletea. Nasi tumeisoma sura hiyo mwaka hata mwaka, na bado tunatafuta jina.

Leo tumeona vema kueleza, kwa kadiri nafasi ya ukurasa huu inavyoruhusu, jinsi mwili wa mwanamume unavyotayarisha mbegu na mwili wa mwanamke unavyotayarisha yai. Wala msomaji asishangae kuyaona mambo haya katika gazeti la Kanisa. Mtu wa kwanza kuufungua mlango wa elimu hii alikuwa padre mtawa.

Gregor Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika nchi iliyokuwa chini ya Dola ya Austria, ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Mwaka 1843 aliingia monasteri ya watawa wa Mtakatifu Agostino mjini Brno. (Waseminari wasomao haya wapate faraja: Mendel aliwahi kushindwa mtihani wa ualimu.) Tangu mwaka 1856 hadi 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri, akihesabu kila punje. Alichukua njegere za punje laini akazipandishia na njegere za punje zenye mikunjo. Uzao wa kwanza ulikuwa laini wote, na mikunjo ilionekana kama imekwisha kabisa. Akaupanda uzao huo. Katika punje 7,324 alizozivuna, 5,474 zilikuwa laini, na 1,850 zilikuwa na mikunjo, yaani karibu tatu kwa moja. Mikunjo haikuwa imepotea. Ilikuwa imejificha ndani ya mimea laini kwa kizazi kizima, ikarudi bila kuletwa na mtu yeyote kutoka shamba jingine. Mendel aliyasoma matokeo yake mbele ya wataalamu wa mji wake mwaka 1865, yakapigwa chapa mwaka 1866, nao walimwengu hawakuyajali. Alifariki mwaka 1884 akiwa abate. Ilipofika mwaka 1900 ndipo wengine walipoutambua ukweli wake.

Njegere hizo zinatutosha kujua kwamba kitu kinaweza kubebwa pasipo kuonekana. Lakini kinabebwaje, na kwa nini kinamfikia mtoto huyu na kumpita yule? Hapo yatupasa tuingie ndani ya mwili.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, nazo ni ndogo mno. Ndani ya kila seli, isipokuwa aina chache, mna nyuzi ziitwazo kromosomu, na hesabu yake ni 46, kama walivyohakikisha Tjio na Levan huko Sweden na kutangaza mwaka 1956. Zimo mbili mbili, jozi 23. Katika kila jozi uzi mmoja ulitoka kwa baba, na mwenzake ulitoka kwa mama. Juu ya kila uzi zimepangwa jeni, mfano wa shanga katika uzi, na kila jeni ina kazi yake katika kuujenga na kuuendesha mwili. Nyuzi mbili za jozi moja zina mpango ule ule wa shanga, ila rangi zaweza kutofautiana. Mahali ambapo uzi wa baba una ushanga wa buluu, uzi wa mama pengine una wa kijani.

Sasa tazameni shida iliyopo. Kama baba angetoa nyuzi zake zote 46, na mama zake zote 46, mtoto angekuwa na 92, mjukuu 184, kitukuu 368. Hapana mwili uwezao kuyastahimili hayo. Hivyo hakuna budi kila mzazi atoe nusu tu. Lakini nusu ipi? Swali hilo fupi ndilo linalobeba mambo yote tutakayosema.

Kazi ya kutoa nusu huitwa meiosisi, nayo hufanyika katika viungo vya uzazi peke yake. Kwanza kila uzi hujinakili, ukawa nyuzi mbili zilizoshikamana. Kisha jambo la ajabu hutokea: ule uzi uliotoka kwa baba na mwenzake uliotoka kwa mama, ambao tangu mtu alipotungwa mimba wamekaa katika seli pasipo kuungana, hutafutana, hukutana, na kulala sambamba, ushanga kwa ushanga. Wakiwa wamelala hivyo hukatika mahali pale pale wote wawili, na vipande hubadilishana. Mkia wa uzi wa baba huungwa na kichwa cha uzi wa mama, na wa mama huungwa na cha baba. Katika mwili wa mwanamume mabadilishano hayo hutokea mara kama 50 katika seli moja. Kwa mwanamke huwa mengi zaidi. Kwa hiyo uzi utokao hapo si wa babu tena wala si wa bibi. Ni uzi mpya, ambao haujapata kuwako.

Baada ya hayo jozi huachana. Seli hugawanyika mara ya kwanza, na katika kila jozi mmoja huenda upande huu na mwenzake upande ule. Hakuna jozi inayoingoja nyingine ili ijue imeelekea wapi. Halafu seli hugawanyika mara ya pili, na zile nyuzi zilizojinakili zikaachana nazo. Mwishoni zimepatikana seli nne zenye nyuzi 23 kila moja. Kwa mwanamume zote nne huwa mbegu. Kwa mwanamke moja huchukua karibu chakula chote ikawa yai, na nyingine ndogo hufa.

Tukihesabu tu namna jozi 23 zinavyoweza kugawanyika pande mbili, bila kuyahesabu yale mabadilishano ya vipande, mtu mmoja aweza kutoa michanganyiko 8,388,608. Mume na mke pamoja waweza kupata watoto wa namna zaidi ya trilioni 70. Watu wote waliopata kuishi duniani hawaifikii hesabu hiyo. Ndiyo sababu ndugu wa tumbo moja, waliokula chungu kimoja, hawafanani. Na ndiyo sababu mama aweza kuzaa watoto tisa asimpate hata mmoja aliye nakala ya mwingine, isipokuwa wale mapacha waliotokana na yai moja.

Kuna jambo jingine ambalo sisi huona ni zuri kulitafakari. Mwanamume huanza kazi hii abalehepo, na huendelea nayo hata uzeeni. Mwanamke siyo. Mtoto wa kike huianza akiwa bado tumboni mwa mama yake. Mayai yake yote hufika mahali pale ambapo nyuzi zimekutana na kubadilishana vipande, kisha husimama. Husimama miaka kumi na mitatu, ishirini, arobaini. Yai moja huamka kila mwezi na kuumaliza mgawanyiko wa kwanza, na wa pili haulimalizi mpaka mbegu ya mwanamume iingie. Ndiyo kusema kwamba yai lililokuzaa wewe, msomaji, lilianza kutayarishwa tumboni mwa bibi yako mzaa mama, pengine kabla mama yako hajapewa jina. Mkwe anayemshutumu mke wa mwanawe kwa mtoto aliyezaliwa jana anashutumu jambo lililoanza wakati mke huyo hajauona mwanga wa jua.

Katika kazi hiyo yote hakuna mahali ambapo mzazi anaulizwa neno. Hufanyika akiwa amelala, akilima, akisali, akigombana na jirani. Hawezi kuiharakisha wala kuielekeza. Sheria ya maadili, kama tulivyofundishwa sote, haimdai mtu lawama isipokuwa kwa lile alilolijua na kulitaka. Hapa hakuna kujua wala kutaka.

Turudi basi kwenye zile nyumba tatu, tuanze na nyumba ya binti watano. Kati ya jozi 23 iko moja inayoamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Mwanamke anazo nyuzi mbili za namna moja, ziitwazo X. Mwanamume anao mmoja wa X na mmoja mfupi uitwao Y. Mwanamke Nettie Stevens wa Marekani aliutambua ukweli huu mwaka 1905 alipochunguza wadudu wadogo wa unga: aliona kwamba mbegu za dume ni za namna mbili, na kwamba hizo ndizo zinazotenga majike na madume. Ndivyo ilivyo na kwa wanadamu. Yai la mama siku zote lina X. Mbegu ya baba yenye X huleta binti, na yenye Y huleta mtoto wa kiume. Mwanamume anayemfukuza mkewe kwa kukosa watoto wa kiume anamdai kitu ambacho mke hanacho, na ambacho yeye mwenyewe anacho.

Tumesikia kwamba wanawake wengine, wakiisha kulijua jambo hili, humrudishia mume lawama ile ile. Twaelewa utamu wa kulipiza kisasi hicho, walakini si haki nacho. Mume hakuichagua mbegu iliyotangulia. Tena mimba moja haina kumbukumbu ya iliyopita. Binti watano wakiisha kuzaliwa, wa sita yuaja kwa nafasi ile ile ya karibu nusu kwa nusu, na yule aoaye mke wa pili ili apate mwana wa kiume huenda na mbegu zake zile zile.

Nyumba ya pili imepata mateso makubwa zaidi, na hapa hatutaki kupunguza maneno. Ualbino uliozoeleka hutokana na jeni ambayo, kama mikunjo ya njegere za Mendel, hubebwa bila kuonekana. Mtu mwenye moja tu ana rangi kama ya wenzake. Mtoto hupata ualbino pale tu anapopokea moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mama hawezi kumleta mtoto huyo peke yake. Mume anayesema kwamba mtoto si wake kwa sababu ya rangi amekosea mara mbili, kwani rangi hiyo haionyeshi hata kidogo kwamba amesalitiwa. Mtoto ameipokea kwa baba na kwa mama pia, wala hakuna haja ya kumtafuta baba mwingine. Katika Tanzania makadirio yatajwayo mara nyingi ni mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Kwa hesabu za kawaida za urithi, hiyo maana yake ni kwamba mtu 1 katika 19 au 20 anaibeba jeni hiyo pasipo kujua. Katika kanisa lenye waumini 400 siku ya Jumapili, kwa wastani wako 20 namna hiyo. Pengine yumo mmoja katika kwaya. Pengine ni huyu aandikaye.

Na bado, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa tangu miaka ya 2006 na 2007, watu waliwawinda ndugu zetu hawa, wakawaua na kuwakata viungo, kwa kuambiwa na waganga kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Waliofanya hivyo wengine walikuwa jirani, na wengine walikuwa jamaa. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kuwakumbuka watu wenye ualbino, nayo huadhimishwa tangu mwaka 2015. Uovu kama huo hauanzi na panga. Huanza siku ya kwanza, mama angali kitandani, pale mtu asemapo kwamba kiumbe huyu si wa kwetu. Mtu akiisha kuambiwa kwamba si wa kwetu, atafutaye kumdhuru amekwisha kufunguliwa mlango.

Hapa msomaji makini atatukatiza. Atasema: Padre, umetufundisha kwamba nusu itokayo haichaguliwi na mtu. Basi ni bahati nasibu. Mbona mwatuhubiria kwamba kila mtoto ni zawadi ya Mungu? Mungu gani arushaye shilingi?

Swali ni zuri, nasi hatutaki kulikimbia. Wako wanaolijibu kwa kukana elimu, wakisema kwamba Mungu huichukua kila mbegu kwa mkono wake na kuiweka. Wako wanaolijibu kwa kumkana Mungu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyeishi karne ya 13 na hakujua habari za kromosomu, alikataa njia zote mbili. Katika kitabu cha tatu cha Summa contra Gentiles aliandika sura nzima, ya 74, kuonyesha kwamba maongozi ya Mungu hayaondoi bahati katika ulimwengu. Bahati, kwake yeye, si nguvu fulani ishindanayo na Mungu. Ni kukutana kwa sababu nyingi ambazo kila moja inakwenda njia yake. Mahali pengine anatoa mfano wa bwana aliyewatuma watumishi wawili mahali pamoja, kila mmoja asijue habari za mwenzake. Wakikutana, wao wataona ni bahati. Kwa bwana wao si bahati. Wala bwana hakuwashika mikono njiani. Walitembea kwa miguu yao.

Mitume nao, walipotaka kuijaza nafasi ya Yuda, walipiga kura, ikamwangukia Matia. Hawakuona kwamba kura imemnyang'anya Mungu kazi yake.

Hatusemi kwamba jibu hili linamfuta mama machozi. Mtoto alalapo akitetemeka kwa maumivu, habari za watumishi wawili njiani ni chakula kikavu. Nasi tujihadhari na ule mtindo wa marafiki wa Ayubu, ambao walikuwa na maelezo tayari kwa kila msiba. Hatujui kwa nini ni mtoto huyu. Tunalolijua ni kwamba Mungu hamchagulii mtoto ugonjwa kama hakimu anavyomchagulia mhalifu kifungo, na kwamba hakuna hesabu ya dhambi za wazazi inayosomwa wakati nyuzi zinapoachana. Nyuzi za mtakatifu na nyuzi za jambazi huachana kwa namna moja.

Na kwa kuwa tumemtaja jambazi, tuseme neno kuhusu methali inayopendwa mno na wachunguza koo za wachumba: mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa nyoka ni kweli. Kwa mwanadamu methali hiyo imewafungia njia vijana wengi wema. Jeni hurithisha rangi, kimo, magonjwa fulani, pengine hata wepesi wa hasira. Hazirithishi dhambi aliyoitenda baba kwa hiari yake. Mapacha wa yai moja wamepokea jeni zile zile, na hata hivyo kila mmoja ana dhamiri yake, na mmoja aweza kuwa mlevi na mwenzake mwaminifu. Papa Pius XII, katika waraka wake Humani Generis wa mwaka 1950, aliwaachia wataalamu uhuru wa kuchunguza asili ya mwili, akakumbusha kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwili umeletwa na wazazi wawili na kura zao zisizohesabika. Roho haikupigiwa kura.

Mara nyingine kazi yenyewe hukosea. Jozi moja hushindwa kuachana, na yai likabaki na uzi mmoja zaidi. Mwaka 1959 huko Ufaransa, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza kwamba watoto wenye hali iitwayo ya Down wana kromosomu 47, ya ziada ikiwa ile ya 21. Hali hii huwapata zaidi watoto wa akina mama walioendelea kwa umri. Mama wa miaka 40 anayo nafasi kama 1 katika 100. Lejeune alikuwa Mkatoliki mwenye bidii, na aliona kwa uchungu elimu yake ikitumiwa kuwatafuta watoto hao tumboni ili wauawe kabla ya kuzaliwa. Alitumia maisha yake yaliyobaki kuwatetea, na mwaka 2021 Kanisa lilimtangaza kuwa Mheshimiwa Mtumishi wa Mungu. Kujua si dhambi. Lakini kitu kile kile kijulikanacho kwa daktari anayetaka kutibu chaweza kujulikana kwa anayetaka kutupa.

Hilo latufikisha kwenye nyumba ya tatu, ambayo kwa maoni yetu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu humo kuna jambo ambalo wazazi wangaliweza kulijua mapema.

Selimundu hurithiwa kama ualbino: moja kwa baba, moja kwa mama. Chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, na kuleta maumivu na upungufu wa damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wazaliwao na ugonjwa huu. Makadirio ya kawaida ni kama 11,000 kila mwaka. Wabebaji, wale wenye jeni moja tu, hutajwa kuwa watu 13 hadi 20 katika kila 100. Kwa nini wengi hivyo? Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye jeni moja huikabili malaria kali vizuri kuliko asiye nayo. Jeni inayomtesa mtoto huyu ndiyo iliyowaokoa babu zake wasife utotoni. Yeyote aiitaye laana na aikumbuke habari hiyo.

Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata ugonjwa, 2 kati ya 4 za kuwa mbebaji kama wao, na 1 kati ya 4 ya kutokuwa nayo kabisa. Je, wazuiwe kuoana? Pius XI katika Casti Connubii, mwaka 1930, aliwalaani watawala waliotaka kuwanyima watu ndoa kwa sababu ya urithi wa mwili, na miaka michache baadaye ulimwengu uliona huko Ujerumani jinsi njia hiyo inavyoishia. Pius XII alipozungumza na wataalamu wa urithi mwezi wa Septemba 1953 alitofautisha vema: kuwashauri watu wasioane, pale mzigo unapokuwa mzito, kwaweza kuwa haki na hata wajibu, kuwakataza ni jambo jingine, na halimo mikononi mwa mshauri. Twalishika fundisho hilo. Wachumba wapimwe, waambiwe ukweli wote pamoja na hesabu zake, kisha waamue wao mbele ya Mungu. Anayejua na kuficha, akamwacha mwenzake aape altareni bila kujua, huyo sasa ana lawama, kwa maana sasa kuna kujua na kuna kutaka. Na tusichanganye kupima wachumba na ile desturi ya nchi tajiri ya kutungisha mimba katika chupa, kuzipima, na kuzitupa zile zisizopendeza. Mchumba aachwaye hulia, kisha huoa kwingine. Yule wa chupa amekwisha kuwako, na hana kwingine.

Kwa watoto waliokwisha kuzaliwa, msaada upo: kupimwa mapema, penisilini ya kuwakinga na maambukizo, kinga ya malaria, na dawa ya hidroksiurea inayopunguza maumivu. Wako wagonjwa wa selimundu waliosoma, wakaoa, wakazaa. Mzazi asimfiche mtoto ndani.

Tunawaomba basi maparoko jambo moja la kazi. Mafundisho ya ndoa yasiachwe mpaka wiki tatu za matangazo. Wachumba waitwe miezi sita kabla, waelekezwe kituo kilicho karibu chenye kipimo cha hemoglobini, na majibu wapewe wao wawili peke yao, si wazazi, si wasimamizi. Na ifanyike kabla kamati ya harusi haijaundwa, kwa sababu kadi zikiisha kugawiwa na michango ikiisha kukusanywa, ni vigumu kwa kijana kuliketia jibu la maabara na kulifikiri kwa utulivu.